Nilijua Asili ya Neno, Nikakosa Maana Yake

Nilikosea neno lenye herufi mbili. Kosa hilo lililipiwa kodi ya pango ya nyumba ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiishi ndani yake, na si mimi peke yangu niliyeilipa. Neno lenyewe ni "bo", la Kiswidi. Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu: wapo wengi ughaibuni wanaopigiwa simu na jamaa kila inapoingia bahasha yenye nembo ya serikali, watu waliojifunza lugha ya wenyeji wakaijua vya kutosha kuaminiwa, lakini si vya kutosha kuaminika.

Niseme kwanza jinsi neno hilo lilivyonivuta. Anayeanza kujifunza Kiswidi hukutana na "bo" wiki ya kwanza, kwa maana ya kuishi mahali. Jag bor i Västerås: naishi Västerås. Mkazi wa Stockholm ni stockholmsbo. Kiota cha ndege nacho ni bo. Wapenzi wanaoishi pamoja bila ndoa huitwa sambo, wakaaji pamoja, na wana sheria yao ya mwaka 2003. Wapenzi ambao kila mmoja ana kwake ni särbo. Na mtu mzima ambaye bado anakaa kwa mama yake huitwa, kwa utani, mambo. Hilo la mwisho nililitumia vibaya. Hakuna sherehe ya Watanzania niliyohudhuria bila kuwaonya wageni wasimsalimie kijana wa Kiswidi "Mambo?", asije akadhani wanamuuliza lini atahama kwa mama. Watu walicheka mara ya kwanza. Mimi niliendelea.

Kisha nikaingia kwenye kamusi, na huko ndiko nilikopotelea. Waswidi wana kamusi kubwa ya Akademia yao, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1898 na ya mwisho mwaka 2023. Wana pia kamusi ya asili za maneno ya Elof Hellquist, ya mwaka 1922. Humo nilikuta kwamba "bo" ina ukoo mkubwa kuliko umbo lake. Katika lugha ya kale ya watu wa Skandinavia kitenzi kilikuwa búa, kukaa na kulima. Aliyekaa na kulima aliitwa bóndi, na leo mkulima wa Kiswidi ni bonde. Mwenye nyumba alikuwa húsbóndi. Waingereza walilichukua neno hilo kwa Waskandinavia waliohamia kwao, likawa jina la mume. "By" ni kijiji kwa Mswidi na mji kwa Mdenmark, na ndilo lililobaki mwishoni mwa majina ya miji ya Uingereza kama Whitby, Grimsby na Derby. Mji wa Turku wa Finland, kwa Kiswidi, ni Åbo: makazi ya mtoni.

Ukirudi nyuma zaidi unafika kwenye mzizi ambao wanaisimu huuandika bhu, wenye maana ya kuwa, kuota, kukua. Mzizi huo umezaa bhavati ya Kisanskriti, yaani "huwa", na fui ya Kilatini, yaani "nilikuwa". Umezaa bin ya Mjerumani anaposema "mimi ni", na bauen yake, ambayo zamani ilikuwa kukaa na kulima na leo ni kujenga. Kwa Wagiriki ulizaa physis, maumbile, ambayo sisi tunayo darasani kila siku kwa jina la fizikia. Kwa Waholanzi ulizaa boer, mkulima, ambaye kwetu amekuwa Kaburu.

Niliposoma hayo nilisimama nikazunguka chumba. Kaburu na fizikia, ndugu wa bo! Nikagundua pia kwamba mwanafalsafa Martin Heidegger, katika mhadhara wake wa mwaka 1951 mjini Darmstadt, alikuwa ameipita njia hiyo hiyo: alishika bauen na bin, akazirudisha kwenye shina moja, akajenga hoja kwamba binadamu kuwapo duniani ni kukaa. Nikaona kama mtu mkubwa kiasi hicho alipata falsafa nzima kutoka kwenye mzizi huu, mimi nitashindwaje kupata maana ya barua?

Hiyo ndiyo mbegu ya kosa. Niliamini kwamba anayejua neno lilikotoka ndiye anayejua linamaanisha nini.

Cha kuchekesha ni kwamba nilikuwa mkali kwa makosa ya wenzangu. Kuna hadithi maarufu kwamba boma ni kifupi cha jina refu la Kiingereza la idara ya kikoloni. Si kweli. Henry Morton Stanley aliliandika neno boma katika kitabu chake cha mwaka 1878, kabla Waingereza hawajaweka utawala wao huko kwetu bara. Mtu akinisimulia hadithi hiyo nilimkata kauli. Siku moja kijana aliniuliza kama bo na boma ni jamaa, nikamwambia hapana, nikamweleza kwamba b ya Kiswidi imetoka kwenye bh ya kale inayofuata kanuni zake za sauti, na kwamba boma la Kiswahili halikatiki vipande viwili, kwa kuwa wingi wake ni maboma na hiyo "ma" ya mwisho haichomoki. Nilikuwa sahihi. Nikajiona mwanazuoni.

Ndipo akafariki mzee mmoja wa Tanga, mjane, aliyeishi Sweden miaka mingi katika nyumba ya kupanga. Alikuwa na watoto wawili, binti Dar es Salaam na mwana Kanada. Binti alikuja kwa mazishi, akabaki kumalizia mambo ya baba yake. Kiswidi hajui. Akaniomba nimsomee barua, nami nikakubali kabla hajamaliza kuomba. Sina cheti cha ukalimani wala cha utafsiri. Sweden wanavyo, vinatolewa kwa mtihani, na kulikuwa na watu waliokuwa navyo ambao ningeweza kumwelekeza kwao. Sikufanya hivyo.

Bahasha ya kwanza ilitoka kwa wenye nyumba. Juu iliandikwa Dödsboet efter, kisha jina la mzee. Död ni kifo. Bo ni makazi. Nikamwambia binti, "Hii wameiandikia nyumba ya marehemu, ni taarifa tu." Ndani kulikuwa na kurasa mbili za maelezo kuhusu notisi. Nilizipitia juu juu, kwa maana nilishaamua kwamba hatukuandikiwa sisi. Tukaiweka juu ya friji.

Ya pili ilitoka Skatteverket, mamlaka ya kodi, na ilitaja bouppteckning. Hapo nilipiga hodi kwa furaha kabisa. Uppteckning ni kuandika, kuorodhesha. Bo ni kukaa. Basi ni orodha ya wakaaji. Na nilikuwa na ushahidi wa kuniunga mkono, jambo ambalo ni hatari kuliko kutokuwa nao: ni kweli kwamba Skatteverket, licha ya kukusanya kodi, ndiyo inayotunza daftari la wakazi la nchi nzima. Nikakumbuka barua za serikali ya mtaa nyumbani, za kuthibitisha kwamba fulani ni mkazi wa hapa. Kila kitu kikakaa mahali pake. Nikamweleza binti kuwa wanataka kujua baba yake aliishi wapi, tangu lini na pamoja na nani. Akakusanya tarehe kwa uangalifu mkubwa. Mimi nikaziandika kwa Kiswidi kizuri, kwenye karatasi moja, nikamwambia asubiri fomu yao ije, tuiambatanishe.

Fomu haikuja, kwa kuwa si wao wanaoileta. Binti ndiye aliyeipata mwenyewe alipokwenda kuuliza. Ina namba SKV 4600. Alikuja nayo kwangu jioni, tukakaa mezani, nami nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi alikuwa ameielekezea simu, ile programu inayosoma maandishi kwa kamera na kuyageuza.

"Anko," akasema, "hapa simu inasema mali. Na hapa chini inasema madeni. Pesa za benki, gari, samani. Wewe si ulisema wanataka wakaaji?"

Nikamwambia simu hizo hukosea sana. Nilisema hivyo nikiwa bado nimeshika birika.

Kisha nikaketi, nikaisoma. Tillgångar: rasilimali za marehemu. Skulder: madeni yake. Mstari wa gharama za mazishi. Nafasi ya majina ya warithi. Hakuna mahali popote panapouliza nani alilala wapi. Nilitafuta mstari huo mara ya pili kana kwamba ungejitokeza kwa heshima yangu. Binti alinyamaza. Hakunilaumu, na ingekuwa nafuu kama angenilaumu, maana ningepata cha kubishia.

Nilikwenda rafuni nikafungua kamusi ileile niliyokuwa nikijivunia. Chini ya kuishi, chini ya makazi na kiota, maana nyingine ilikuwa imeandikwa kwa herufi za ukubwa uleule: jumla ya mali ya nyumba ya mtu, pamoja na madeni yake. Sikuwahi kufika hapo. Kila mara nilipofungua ukurasa ule nilikimbilia kwenye asili, nikairuka maana.

Na haikuwa maana iliyojificha. Nilikuwa nayo mdomoni kila siku. Bohag ni vyombo vya nyumbani. Bodelning ni kugawana mali wanandoa wanapoachana. Kampuni ikifilisika, kilichobaki ni konkursbo, na hakuna anayelala humo. Boskap ni mifugo. Zamani lilimaanisha mali inayohamishika, likaishia kwenye ng'ombe, nasi tunawafahamu wafugaji wa kwetu ambao wakisema "mali" wana maana ya zizi. Hata bolag, kampuni, imetoka kwenye ushirika wa mali. Kwa hiyo bo imo ndani ya Systembolaget, duka la pombe la serikali, ambalo nimelipita mara nyingi bila kudhani kwamba kuna mtu amehamia humo.

Ukifikiria utaona kwa nini. Kwa mkulima wa kale wa kaskazini, kukaa mahali kulikuwa ni kuwa na shamba, wanyama, ghala, majembe na watu. Makazi na mali havikuwa vitu viwili. Kadiri maisha yalivyobadilika neno likagawanyika: kitenzi kikabaki na kuishi, na jina, hasa katika sheria, likabaki na mali. Dödsbo si nyumba ya marehemu. Ni mirathi yenyewe, kama chombo cha kisheria kinachodai na kudaiwa mpaka mali igawanywe. Bahasha ile ya kwanza ilikuwa imeandikiwa warithi. Ilikuwa imeandikiwa binti aliyekuwa amekaa mbele yangu.

Mswidi akifanya kosa hili kwa Kiswahili tungemcheka mpaka kesho. Kikao kinatokana na kukaa, na kukaa ni kuishi. Mgeni anayejua hayo, akialikwa kwenye kikao cha harusi, angeweza kubeba godoro. Mtanzania yeyote atamwambia abebe pochi, kwa kuwa kikao cha harusi ni mahali pa kuahidi mchango na kubanwa kuulipa. Shina la neno lisingemsaidia. Lingemwaibisha.

Sasa gharama. Sheria ya upangaji ya Sweden inairuhusu mirathi kuvunja mkataba wa nyumba kwa notisi ya mwezi mmoja, ikiwa notisi hiyo itatolewa ndani ya mwezi mmoja tangu kifo. Muda huo ukipita, notisi ni miezi mitatu. Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye zile kurasa mbili zilizokuwa juu ya friji. Muda ulikuwa umepita. Kodi ya miezi iliyozidi ilitoka kwenye mirathi, ambayo haikuwa kubwa. Nilijitolea kuilipa. Binti alikataa, kisha akakubali nusu, nikamshukuru.

Orodha ya mali nayo ina muda wake: ifanywe ndani ya miezi mitatu tangu kifo, na iwasilishwe ndani ya mwezi mmoja baada ya hapo. Tuliomba kuongezewa muda, tukapewa. Lakini benki haifungui akaunti ya marehemu kwa ajili ya kugawana mpaka orodha iwe imesajiliwa, kwa hiyo pesa zilikaa, na binti akaongeza kukaa kwake Sweden bila kipato. Kaka yake aliyeko Kanada hakuelewa kwa nini jambo dogo linachukua muda wote huo. Alidhani dada yake anaficha kitu. Nilimpigia simu nikamwambia kosa ni langu, nikamweleza lilivyotokea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo ni kwa sababu ya neno?" Nikajibu ndiyo. Sidhani aliniamini, nami katika nafasi yake nisingeamini.

Sheria inataka watu wawili wa nje, wasio warithi, waorodheshe mali na kuthibitisha kwa maandishi kwamba wameiorodhesha kwa usahihi. Mmoja wao nilikuwa mimi. Mwingine alikuwa jirani wa Kiswidi aliyewahi kuifanya kazi hiyo kwa wazazi wake, na ndiye aliyetuongoza. Tulifungua makabati. Redio. Baiskeli yenye pancha. Sufuria tatu na mbuzi ya kukunia nazi, ambayo jirani aliigeuza-geuza mkononi akauliza ni kiti cha mtoto? Nikamweleza. Akaiandika chini ya bohag, pamoja na meza na viti, thamani ndogo. Upande wa madeni tukaweka umeme, simu, na kodi ya pango kwa miezi ile. Mstari huo wa mwisho niliuandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu.

Sijaacha kupenda asili za maneno. Ni elimu ya kweli, ina kanuni, na inaeleza historia ambayo nyaraka nyingi haziisemi. Lakini inaeleza neno lilikopita, na haisemi limefika wapi. Nenda kamwambie mwanafunzi wa Soweto wa mwaka 1976, aliyeandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa lugha ya Makaburu, kwamba Kaburu kwa asili ni mtu aliyekaa mahali akalima. Ni kweli tupu, na kwake haina kazi. Maana ya neno iko kwa wanaolitumia siku hiyo, kwa ajili ya jambo fulani, juu ya mtu fulani. Heidegger aliweza kulirudisha neno shinani akapata falsafa kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimsubiri na notisi mkononi.

Na kama nawe ni mtu wa kusomea wenzako barua, jua kwamba kutojua neno si hatari sana, kwa kuwa ukijua hulijui utauliza. Hatari ni neno unalolijua nusu, hasa nusu tamu. Mimi siku hizi nikiletewa barua nasoma kwanza tarehe ya mwisho, kisha anayetakiwa kufanya jambo, kisha jambo lenyewe. Neno la kisheria nalitafuta kwenye maelezo ya ofisi husika kabla sijalitafuta kwenye kamusi, na kamusi naisoma kuanzia juu. Nisipoelewa, namwambia mtu sijaelewa, nampa namba ya mkalimani mwenye cheti. Asili ya neno namsimulia baadaye akitaka, barua ikiwa imeshajibiwa. Mpaka sasa wengi hawataki.